Nguvu Zinapanda, Mkono Haufiki: Barua za Wasomaji Kuhusu Mabinti wa Anime

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu anime (katuni za Kijapani) za mabinti wenye nguvu za ajabu, zile ambazo mashabiki huziita kwa Kijapani mahou shoujo. Baadhi yenu mnauliza kwa nini nguvu hazikomi kupanda. Wengine mnauliza kwa nini binti mwenye nguvu zote hizo bado analia kwamba hana la kufanya. Tumezijibu pamoja kwa sababu, kwa maoni yetu, hilo ni swali moja. Mjue mapema kwamba majibu yanafichua miisho ya hadithi kadhaa.

*

*Wahariri, salaam. Mimi na dadangu tumemaliza Sailor Moon yote. Kila msimu mpya ukianza, fimbo iliyommaliza adui mkubwa wa msimu uliopita ghafla haifui dafu. Usagi, binti anayegeuka Sailor Moon, anapigwa, analia, anapewa fimbo nyingine. Kwani waandishi walikuwa wavivu?*
*Ndugu wawili, Tudor*

Si uvivu, ila duka lina mkono wake hapo. Sailor Moon ya kampuni ya Toei ilirushwa kuanzia Machi 1992 hadi Februari 1997, sehemu 200 katika misimu 5, na msimu mpya huja na bizimu mpya ya kifuani na fimbo mpya. Usagi alianza na Moon Stick. Msimu wa pili akapata Cutie Moon Rod, wa tatu Spiral Heart Moon Rod, wa nne Moon Kaleidoscope, na wa tano akawa Eternal Sailor Moon. Vitu hivyo viliuzwa kama vichezeo vya kampuni ya Bandai, na mtoto aliyenunuliwa fimbo mwaka jana hana haja ya nyingine mpaka aone ile ya kwanza imeshindwa mbele ya macho yake.

Lakini duka linaeleza tu kwa nini fimbo mpya ipo. Halielezi kwa nini mara nyingine mnaikubali na mara nyingine mnahisi mmepunjwa. Tofauti iko kwenye kile kinachopotea kabla haijaja. Mwanzoni mwa msimu wa pili bizimu inazimika katikati ya pambano, na Usagi anabaki msichana wa shule mbele ya adui. Ile ni hasara mnayoiona kwa macho, kwa hiyo bizimu mpya ina uzito. Linganisheni na sehemu ambapo adui wa wiki anaangushwa kwa silaha mpya bila kutanguliwa na chochote. Rangi ni nyingi, moyo hausogei.

Msimu wa tatu ndio uliolifanya jambo hili vizuri kuliko yote. Usagi anaweza kuwa Super Sailor Moon kwa Kikombe Kitakatifu tu, na mwili wake hauhimili hali hiyo kwa muda mrefu. Kisha kikombe kinapotea. Mwishoni, Sailor Saturn, mwenzake aliye bado mtoto, ameshaingia peke yake ndani ya adui, akijua kwamba nguvu zake za maangamizi zitamwangamiza naye. Usagi anaita maneno ya kubadilika, hakuna kinachotokea. Anaita tena. Bado. Hapo yule mwenye nguvu kuliko wote hana hata njia ya kumfuata mtoto mmoja. Hebu rudieni sehemu ile ya 125 muisikilize sauti yake tu, bila kuangalia picha.

*

*Kwa nini wenzake wanaachwa nyuma? Ami, Rei, Makoto na Minako wanapigana sehemu nzima, halafu Usagi anakuja kumaliza. Wanakuwa kama mapambo.*
*Shabiki wa Mercury, Bamburi*

Sababu ya kwanza ni muda. Sehemu moja ina dakika zisizozidi 25 pamoja na nyimbo za mwanzo na mwisho. Picha za kubadilika huchorwa mara moja na kurudiwa kila wiki ili kuokoa kazi, lakini kwenye saa ya televisheni bado zinakula nafasi. Wakibadilika watano, kila mmoja apige pigo lake, hadithi yenyewe imebaki na nini? Kwa hiyo waandishi huwaongeza nguvu wote kidogo, na mmoja sana, na pengo linazidi kila msimu.

Pretty Cure ya kwanza, iliyoanza Februari 2004, iliukata mzizi huo: Nagisa na Honoka hawabadiliki mpaka washikane mikono. Mmoja akiwa mbali, mwingine ni mwanafunzi wa kawaida tu, hata adui awe mdogo vipi. Nguvu zikipanda zinapanda kwa wote wawili, na pambano linaweza kupotea kwa sababu ya umbali wa hatua tano.

Ukitaka kuona mtu aliyeachwa nyuma akitazamwa kwa uaminifu, tafuta Magical Girl Lyrical Nanoha StrikerS ya 2007, hasa sehemu ya 8 na ya 9. Teana ni mwanafunzi wa kawaida katika kikosi kilichojaa watu wenye vipaji vikubwa. Anafanya mazoezi ya siri mpaka usingizi unamwisha, kisha kwenye pambano la majaribio anaingia na mbinu ya hatari ambayo hakufundishwa. Nanoha, mwalimu wake, anaizuia kwa mkono mtupu na kumwangusha. Watazamaji wengi walimchukia Nanoha hapo. Baadaye Teana anaonyeshwa kilichompata mwalimu wake: aliubebesha mwili wake nguvu kubwa tangu akiwa na miaka 9, akaja kujeruhiwa vibaya akiwa bado mtoto, na kurudi kusimama kukawa kazi ndefu. Aliye juu kabisa na aliye chini kabisa walikuwa na hofu ileile. Sisi tunaamini Nanoha alikosea kwa kumwacha Teana asijue hayo mapema, na hadithi inajua kwamba alikosea, ndiyo sababu sehemu hizo mbili zinakaa moyoni.

*

*Assalam aleikum. Binti yangu ana miaka 11. Nilimwona anaangalia katuni ya rangi za waridi kwenye simu, nikaona ni mambo ya watoto. Baadaye nikamkuta analia na hataki kusema. Inaitwa Madoka Magica. Nimkataze?*
*Mama wa watatu, Mikindani*

Waaleikum salaam, Bi. Usijilaumu, picha zile zimechorwa laini kwa makusudi. Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011 ina sehemu 12 na haikukusudiwa mtoto wa miaka 11. Huenda ameona mojawapo ya sehemu tatu hizi. Katika sehemu ya 3, Mami, binti mkubwa aliyekuwa akiwaongoza wenzake, anauawa ghafla na kwa namna ya kutisha, muda mfupi baada ya kusema kwamba sasa haogopi tena kitu chochote. Katika ya 6 wanagundua kwamba roho zao zimetolewa mwilini na kuwekwa ndani ya kito kidogo, na kikipelekwa mbali ya mita 100 hivi mwili unaanguka kama maiti. Katika ya 8, Sayaka, aliyeingia kazi hiyo kwa ombi kwamba mkono wa kijana mpiga fidla upone, anakata tamaa kabisa na kugeuka kuwa zimwi kama yale aliyokuwa akipigana nayo.

Muulize ameishia wapi na nani amemliza. Akisema Mami, kilichomuumiza ni mshtuko wa kifo, na mtapita kwa kuzungumza. Akisema Sayaka, kaa naye zaidi. Sayaka anapata alichoomba na bado hapendwi, kisha anaanza kupigana huku ameizima hisia ya maumivu mwilini mwake na kusema haumii. Mtoto anaweza kuijua hali hiyo bila kuwa na maneno yake.

Ukimkataza akiwa katikati, atabaki na zimwi la sehemu ya 8 kichwani bila kujua hadithi ilikwendaje. Sisi tungesimamisha kwa sasa, tumweleze mwisho kwa mdomo, na tumwahidi kuiangalia naye akifika miaka 14 au 15. Mwisho wenyewe ni kwamba Madoka, binti ambaye hadithi imepewa jina lake, anaomba mabinti wote, wa zamani na wa baadaye, wasigeuke kuwa mazimwi, na anajitoa yeye mwenyewe ili ombi hilo litimie.

Kwa sasa mpe Cardcaptor Sakura, ya 1998 hadi 2000, sehemu 70. Na humo nguvu zinapanda: kadi za kichawi alizozikusanya, Sakura anapaswa kuzigeuza moja moja kwa nguvu zake mwenyewe, na akizidisha anachoka na kusinzia hadharani. Mtoto anaona kwamba nguvu zina gharama, na gharama yenyewe ni usingizi.

*

*Mimi nachora hadithi ya picha. Binti wa Likoni anaamrisha maji. Sura ya 1 alisogeza maji ya ndoo, sura ya 4 akazuia mawimbi ufukweni, sura ya 7 ameinua feri katikati ya kivuko. Sasa sina adui wa kumtosha, na rafiki zangu wanasema sura za mwanzo zilikuwa tamu zaidi. Niifute sura ya 7?*
*Mchoraji, Likoni*

Usiifute, kaka. Kuinua feri si kosa. Ulichokosa ni hesabu, na hesabu inaweza kuwekwa sasa.

Chukua karatasi, igawe mara mbili. Upande wa kushoto andika kile ambacho binti anaweza kufanya, upande wa kulia andika anachokitaka. Kama anachokitaka ni kumshinda adui, orodha hizo mbili zinakutana na hadithi imekwisha siku anayopata nguvu za kutosha. Kama anataka babake arudi kutoka baharini, au shoga yake amsamehe, basi unaweza kumpa bahari yote ya Hindi na bado ukabaki na la kuandika. Sayaka angeweza kuongezewa nguvu mara kumi; yule kijana asingempenda kwa sababu hiyo. Ukimaliza orodha, tafuta jambo moja upande wa kulia ambalo nguvu za kushoto zinazidi kuliharibu kila zinapotumika. Hilo ndilo shina lako.

Homura wa Madoka Magica amejengwa hivyo. Anarudisha wakati nyuma, mwezi mmoja uleule wa kalenda, tena na tena ili amwokoe rafiki yake Madoka. Katika sehemu ya 11 anaambiwa kwamba kila alipourudisha wakati, nyuzi za majaliwa zilijifunga kwa Madoka, zikamfanya awe na uwezo wa kutisha, yaani windo bora zaidi kwa yule anayewawinda mabinti. Kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyomkaribisha Madoka kwenye kile anachomkinga nacho. Na ona jinsi nguvu zake zilivyobanwa: anasimamisha wakati, lakini hana pigo la kichawi la kuangamiza, kwa hiyo anaiba bunduki na mabomu. Ngao yake ina mchanga kama wa saa ya mchanga, unaotosha mwezi mmoja tu; ukiisha, hawezi kusimamisha tena.

Sasa mipaka ya binti yako. Unaishi Likoni, mipaka unayo mlangoni. Mfunge kwenye kujaa na kupwa kwa maji. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapanda na kushuka sana, na hapo ana nguvu zake zote. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ana kidogo. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na saa ya kujaa husogea kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo pambano la saa kumi jioni leo si pambano la saa kumi jioni kesho kutwa. Msomaji wa Pwani atahesabu mwenyewe na kuogopa kabla hujamwambia. Adui wako hahitaji kuwa mkubwa kuliko feri. Anahitaji kuwa na kalenda.

Mpaka huo uonyeshe angalau sura mbili kabla haujamuumiza. Ukiutaja siku ileile unapohitajika, msomaji ataona umeuchomoa mfukoni.

Gharama nayo itoke kwenye kile anachokipenda. Yuki Yuna is a Hero, ya mwaka 2014, sehemu 12, ndiyo somo bora tunalolijua. Mabinti wanaweza kuchanua na kuwa na nguvu kubwa mno, lakini kila wakichanua mwili unapoteza kitu kimoja. Yuna anakula vitafunio na wenzake baada ya ushindi na kugundua kwamba havina ladha, ananyamaza ili asiwaharibie furaha. Itsuki anapoteza sauti. Itsuki ndiye aliyekuwa ameshinda haya zake, akarekodi wimbo na kuupeleka kwenye usaili wa waimbaji. Baadaye dadake, Fu, anapokea simu: mdogo wake amepita mchujo wa kwanza. Fu ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hiyo. Anaushika mkono wa simu, ana silaha inayoweza kupasua jengo, na hana wa kumpasua ili ile sauti irudi. Chora kitu kama hicho, kurasa mbili tu, na hutahitaji adui mpya kwa sura nzima.

Kwa sura ya 7 yako, jiulize yale maji ya kuinulia feri yalitoka wapi. Sura ya 8 ianze mahali pengine, kwa jirani zako wa Mtongwe kwa mfano: mashua zimelala ubavu kwenye tope kwa sababu maji yaliondoka ghafla, nyavu zimekatika, na mvuvi mmoja ameumia mguu. Awe mtu ambaye tumemwona sura ya 1, labda mwenye ile ndoo. Kwenye sura ya kurasa 20, pambano lisizidi kurasa 6. Zilizobaki ziende kwenye tope, hospitali, na kimya cha nyumbani. Kisha mshushe nguvu kwa sura mbili au tatu kabla hujampandisha tena.

Mambo matatu huwa yanaua hadithi za aina hii. Binti kupiga ukelele na kupata nguvu ambazo hazikutajwa. Aliyekufa kurudi bila mtu kulipa chochote. Na adui anayefuata kuwa yuleyule wa zamani, mkubwa zaidi. Moja likitokea mara moja msomaji atakusamehe. Yakitokea mawili katika sura moja, hutampata tena.

*

*Nina miaka 19, namuuguza mamangu nyumbani. Usiku akilala naangalia hizi anime. Binti akishinda sihisi kitu. Akishindwa nalia sana. Kuna kasoro gani kwangu?*
*Asiyetaka jina, Kisauni*

Hakuna kasoro, mdogo wetu. Mchana kutwa unafanya kila unachoweza na ugonjwa haukuulizi umejitahidi kiasi gani. Ukimwona binti mwenye fimbo naye amefika mahali fimbo haifiki, unamtambua.

Waandishi wa aina hii wanalijua jambo hilo tangu zamani. Mwaka 1983, katika sehemu ya 46 ya Minky Momo, binti ambaye nguvu zake zimekwisha anagongwa na lori, akafa, ndani ya katuni ya watoto. Akazaliwa upya kama mtoto wa binadamu. Ojamajo Doremi, iliyoanza 1999, ina mabinti wanaojifunza uchawi lakini sheria inawakataza kuutumia kuponya maradhi au kufufua. Na sheria hiyo haikuwekwa bure: katika Ojamajo Doremi Na-i-sho ya 2004, sehemu ya 12, wanampata rafiki mwenye saratani ya damu, na kila walichojifunza hakimwokoi. Wanachoweza ni kukaa naye na kumchezesha. Sehemu hiyo ni nzito. Usiiangalie usiku ukiwa peke yako. Subiri siku ambayo kuna mtu nyumbani wa kuzungumza naye.

Na mtafute mtu huyo hata bila anime, dada. Jirani, shangazi, yeyote anayeweza kukaa na mama saa mbili mara moja kwa wiki ili ulale. Anayeuguza bila kupumzika anaanguka naye, na hapo mama anabaki na nani?

Kwa usiku wa kawaida tunakupendekezea Princess Tutu, ya mwaka 2002, sehemu 26. Ahiru ni bata aliyepewa umbo la msichana kwa kidani cha shingoni. Anampenda mwana wa mfalme, na akitamka upendo huo kwa maneno atatoweka. Katika sehemu ya 13 anausema kwa kucheza densi. Mwishoni anapaswa kukirudisha kidani chenyewe, maana kimebeba kipande cha mwisho cha moyo wa yule mwana wa mfalme. Anarudi kuwa bata mdogo wa manjano, bila nguvu yoyote, katikati ya kunguru, na anacheza. Wanampiga chini, anainuka, anacheza tena, vibaya, kwa miguu ya bata. Hawashindi kunguru hao kwa densi ile; anayebaki naye ni Fakir, kijana anayeandika hadithi yake akiwa na jeraha mkononi, na anachoweza kuandika ni kile tu ambacho bata yule anakifanya kweli. Sehemu za mwanzo zina mzaha mwingi na mwalimu paka anayetaka kuoa wanafunzi wake. Zivumilie, na usiruke hata moja kati ya ya 14 na ya 26.